Fungu la Bosi

Gentrix Anyait alijua kuna jambo kabla hajafika kibandani. Kila asubuhi Bosi alikuwa akigonga ubao kwa mguu wa nyuma, mara mbili tatu, kudai majani yake, na kelele hiyo ilikuwa imewatoa madereva wengi kitandani katika gesti yake ya vyumba sita hapo mpakani Malaba. Jumapili hiyo ubao ulikaa kimya. Alimkuta sungura amejikunyata pembeni, macho yamefumbwa nusu, masikio yamelala mgongoni. Majani ya jana yalikuwa palepale. Chini ya kibanda hakukuwa na hata punje moja ya kinyesi.

"Bosi," alimwita. "Wewe Bosi, kuna nini?"

Sungura alisaga meno. Gentrix alifungua wavu, akamwekea mkono tumboni. Lilikuwa gumu, limevimba na kukaza kama mpira uliojazwa upepo. Masikio yake, ambayo siku zote yalikuwa na joto, yalikuwa baridi. Gentrix alikaa juu ya ndoo, kwa sababu alijua vizuri sana alichomlisha.

Bosi alikuwa wa mumewe, Eriaku. Zamani vibanda nyuma ya gesti vilikuwa na sungura thelathini, na Eriaku akiwajua mmoja mmoja kuliko alivyowajua watoto wa ndugu zake. Alipofariki, Gentrix aliwauza wote wakaondoka ndani ya magunia, isipokuwa dume moja la kijivu ambalo lilimng'ata mnunuzi kidole gumba mpaka akalitupa chini akisema mzee huyo abaki na uzee wake. Eriaku ndiye aliyempa jina hilo la Bosi, maana hakugusa chakula mpaka wenzake wote wasogee pembeni. Mwanzoni Gentrix alimwacha kwa kukosa nafasi ya kumshughulikia. Kisha siku moja akajikuta anamweleza habari za mgeni aliyeondoka na shuka la chumba namba mbili, na Bosi akasikiliza, na tangu hapo wakawa watu wa kuzungumza.

Watu walicheka. Kwa watu wa Malaba, kitu chenye miguu minne ama kinavuta mzigo ama kinangoja sufuria. Mama gesti anafuga kitoweo na kukiita jina, walisema, na wengine waliongeza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kwamba mwanamke asiyejaliwa mtoto hatakosa cha kubeba. Gentrix aliwaacha waseme. Yeye na Eriaku hawakujaliwa, ni kweli. Katika vitu vyote ambavyo mumewe alivilea kwa mkono wake, aliyekuwa bado anapumua ni huyu mmoja tu, na alimpenda, na hakuona kwa nini amwombe mtu ruhusa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kumkumbuka Eriaku, miaka miwili tangu azikwe kwao Moding. Mchungaji wa Gentrix alikuwa ameshauri chai na mkate. Wazee wa ukoo walikohoa kidogo, wakasema marehemu hakuwahi kuonekana na kikombe cha chai saa tisa alasiri, na hawakuona sababu ya kumwanzishia tabia hiyo akiwa kaburini. Basi Gentrix akapika ajono kwa mikono yake, ile pombe ya wimbi ambayo watu hukizunguka chungu kimoja wakiinyonya kwa mirija mirefu. Ilitoka vizuri mno. Hata waliokuja na Biblia walishika mrija kidogo kwa heshima ya marehemu, na kuna waliomheshimu mpaka jua likazama.

Siku hiyo kila mtu wa Eriaku alipata fungu lake. Kidogo kilimwagwa kaburini, dada zake wakapata, majirani wakapata, hata shemasi mmoja alifungiwa chupa ya kwenda nayo. Gentrix alirudi Malaba jioni na debe la machicha, yale makapi ya wimbi yanayobaki chunguni, awape kuku wake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa bila kuaibika. Akamwona Bosi anamkodolea macho nyuma ya wavu, akaona ni dhambi: siku ya mzee wake, wote wamekula, yeye peke yake yuko na majani.

"Na wewe ni wa Eriaku," alimwambia, akamwekea konzi mbili za machicha. Bosi alikula mpaka akalamba kibati.

Eriaku angepiga kelele ya kusikika ng'ambo kule Uganda. Alikuwa na sheria zake. Nyasi zilianikwa juu ya mabati siku nzima kabla sungura hajazionja, na kitu chochote kilichochacha hakikuruhusiwa kufika vibandani. Sungura hawezi kucheua wala kutapika, alikuwa akisema. Kikichachia tumboni mwake, hewa haina pa kupitia. Gentrix alikuwa akimjibu kwamba afadhali awajengee ghorofa kabisa, wawe wanakula kwa uma. Aliyasikia maneno hayo miaka kumi na tisa. Aliyakumbuka Jumapili asubuhi, mkono wake ukiwa juu ya lile tumbo.

Shemeji yake alitoka chumba namba sita akipiga mswaki. Echodu, mdogo wa Eriaku, alikuwa na bucha soko la Angurai. Ndiye aliyechinja mbuzi wa Jumamosi, kisha akamsindikiza Gentrix hadi Malaba kumbebea vyungu vizito. Aliinama, akamtazama Bosi kwa jicho la kazi, akatema povu.

"Hii imeisha, shemeji. Weka maji kwa moto. Tuichinje sasa bado iko na damu. Ikijifia hapo hakuna mtu ataigusa."

Hakusema kwa ubaya. Katika nyumba walizokulia wote wawili, mbuzi aliyemeza karatasi ya plastiki au kuku aliyeanza kuinamisha kichwa aliwahiwa na kisu, na familia ikashukuru. Gentrix mwenyewe alikuwa amewawahi kuku wengi. Lakini asubuhi hiyo maneno yale yalimwingia vibaya.

"Huyu si kuku, Echodu."

"Najua. Ni kilo tatu na nusu."

"Chukua kisu yako uende nayo Angurai. Saa hii. Hapa kwangu hakuna nyama ya kugawa."

Echodu alifuta mdomo. Mzaha ulimtoka usoni. "Ndugu yangu alikufa, wewe ukanyamaza kimya ukapikia watu. Leo sungura inaumwa tumbo, unanifukuza?"

Gentrix alianua kanga kwenye kamba. Alisikia mlango wa namba sita ukifungwa, kisha geti. Alimfunga Bosi kwenye kanga, akampigia simu daktari wa mifugo.

Wakati wa kungoja, mtu aliyemsaidia alikuwa mgeni. Quinton, dereva wa lori la klinka ya kutengenezea saruji, alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani siku ya tatu, na chumba namba tatu kilikuwa chake. Alikuja bombani kunawa, akaona kanga inatetemeka. Hakucheka. Alisema alifuga sungura akiwa shule ya msingi kwao Nyahururu, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya soda iliyojazwa maji moto na kufungwa kitambaa.

"Mwekee hapa kwa mgongo, mama. Anaskia baridi sana."

Daktari Wabwire alifika na pikipiki yake, sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa amezoea ng'ombe na nguruwe, na alipoonyeshwa mgonjwa alimtazama Gentrix kidogo kuhakikisha hafanyiwi mchezo. Kisha akavua kofia, akapiga magoti. Alimpapasa Bosi taratibu, akasikiliza tumbo, akagonga kwa kidole.

"Amekula nini?"

"Majani," Gentrix alisema. "Majani tu daktari, ya kila siku."

"Sikia, kuna hewa hapa. Hakuna nafaka? Hakuna kitu imechacha? Nyinyi jana si mlikuwa na shughuli huko Moding?"

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kusema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini Quinton alikuwa amesimama pale na taulo begani, na mwanamke wa chumba cha nne alikuwa ametoa kichwa dirishani, na Gentrix aliona jinsi habari ile ingefika Moding kabla ya chakula cha mchana: mke wa Eriaku amemuua mnyama wa mwisho wa Eriaku kwa pombe ya kumkumbukia Eriaku. Dada za marehemu wangelipokea hilo kwa mikono miwili. Zaidi ya hapo aliona kwamba akilitamka litakuwa kweli.

"Hakuna," alisema. "Ni majani."

Wabwire alimwangalia sekunde moja zaidi, akaamini, kwa sababu kazi ya daktari wa wanyama ni kuamini mwenye mnyama. Alisema basi huenda ni manyoya yameziba njia, sungura wazee hujilamba sana. Alimchoma sindano ya maumivu. Akamwachia Gentrix bomba la sindano lisilo na ncha, akamwelekeza ampe uji mwepesi kila nusu saa, kidogo kidogo, ili tumbo lishtuke na kuanza kusukuma.

"Lakini ukiona tumbo linapanda, nipigie haraka," alisema, akaondoka kuelekea kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa upande wa Kocholia.

Gentrix alipika uji. Unga uliokuwa jikoni ulikuwa wa wimbi. Alikaa kwenye kiti cha chini, Bosi mapajani, akamfungua mdomo pembeni kama alivyoonyeshwa, akasukuma. Bosi alimeza. Mara ya pili alimeza kwa shida, uji ukamtiririka kifuani, na Gentrix akampangusa na upindo wa leso. Mara ya tatu alisukuma polepole zaidi. Alikuwa anamwongezea nafaka juu ya nafaka. Alijua. Alijua tangu bomba la kwanza, na kila mara alijiambia kwamba daktari amesema, na daktari ni mtu wa kusoma. Alipopapasa tumbo baada ya bomba la tatu, vidole havikuzama hata kidogo.

"Kunya tu, baba," alimwomba. "Kidogo tu. Nitakusafishia mimi."

Ilikaribia saa sita Bosi alipolia. Watu wengi waliofuga sungura hawajawahi kuisikia sauti hiyo. Ilikuwa nyembamba na ndefu, sauti ya mtoto mchanga, na ilipasua ua mzima wa gesti. Mwanamke wa chumba cha nne alitoka mbio akiuliza ni mtoto wa nani. Bosi alijinyoosha kwenye mapaja ya Gentrix, miguu ikapiga hewani, kisha akajikunja tena, akihema kwa mdomo wazi.

Gentrix alipiga simu. Wabwire alipokea akihema pia, na nyuma yake ng'ombe alikuwa akiguna.

"Daktari, nilikudanganya," Gentrix alisema. "Nilimpa machicha. Ya ajono. Jana jioni, konzi mbili."

Kwenye simu ng'ombe aliguna tena.

"Mama," Wabwire alisema. "Si nilikuuliza? Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Ungesema asubuhi ningeanza na hiyo hewa. Ningempa dawa ingine kabisa. Uji singekwambia hata tone. Umempa mara ngapi?"

"Tatu."

Alimsikia akishusha pumzi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimuumiza Gentrix kuliko kama angemtukana. "Wacha uji. Mimi niko na mkono ndani ya ng'ombe, kutoka hapa ni masaa mawili na zaidi. Hawezi kungoja masaa mawili, mama. Na nikifika sidhani nitabadilisha kitu. Tumbo likipasuka ndani, atateseka vibaya. Kama uko na mtu wa kisu, mtu ako na mkono mzuri, mwite."

Alikuwa naye. Alikuwa amemfukuza.

Alimkabidhi Quinton kanga na kilichokuwa ndani yake, akatoka getini na ndara zisizofanana. Alikimbia kandokando ya foleni ya malori, akipita kwenye wauza mayai ya kuchemsha na wabadilisha pesa, akiomba kimoyomoyo kwamba pikipiki za Angurai ziwe bado zinangoja abiria wa pili. Zilikuwa bado zinangoja. Echodu alikuwa kwenye benchi la kibanda cha chai, mfuko wake katikati ya miguu, ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Alipomwona shemeji yake amesimama mbele yake bila pumzi, jasho linamtoka, alidhani ameelewa.

"Sasa umekubali. Si nilisema asubuhi? Saa hii hata nyama imeshaharibika."

"Si nyama," Gentrix alisema. "Echodu, si nyama. Anaumia. Anaumia na hawezi kufa. Nakuomba."

Mtu wa bucha huombwa mambo mengi, lakini hilo Echodu hakuwahi kuombwa. Aliweka kikombe chini, akachukua mfuko wake.

Nyuma ya gesti aliosha kisu kwa sabuni kama mtu anayenawa kabla ya kula. Alikinoa kwenye jiwe, akajaribu makali kwenye kucha, akanoa tena. Gentrix alitamani amalize upesi na alitamani asimalize kamwe. Bosi alilia mara nyingine mikononi mwa Quinton, kwa sauti ndogo sasa, na dereva akageuza uso upande wa ukuta.

"Nani atamshika?" Echodu aliuliza.

"Mimi."

"Shemeji, unaweza kwenda ndani. Huyu bwana atashika."

"Nimesema mimi."

Echodu alimwonyesha jinsi ya kumlaza, mkono mmoja chini ya kifua, wa pili juu ya macho. "Mzibe asione. Halafu mwongeleshe. Mnyama akisikia mtu wake hakazi shingo."

Gentrix alimwongelesha. Alimwongelesha kwa Kiteso, lugha ambayo Eriaku aliwasemesha nayo sungura wote thelathini. Alimwambia kwamba yeye ni mjinga. Alimwambia kwamba hakutaka abaki nje ya karamu, kwamba alitaka ale alichokula kila mtu, basi, hakuna jambo lingine lililokuwa moyoni mwake. Alimwomba msamaha wa machicha, halafu akamwomba msamaha wa uji, ambao ulikuwa mzito zaidi kuuomba. Chini ya kiganja chake alihisi kope zikigusa mara moja, mara mbili. Mkono wa Echodu ulikuwa mwepesi kweli. Gentrix alisikia tu mwili ukilegea juu ya mapaja yake, na lile tumbo gumu, kwa muda mfupi, likaendelea kuwa gumu peke yake.

Hakuna aliyetaja maji moto. Echodu alichukua jembe la Eriaku, akachimba karibu na ukuta, shimo refu kuliko ilivyohitajika, ili mbwa wa stendi wasilifikie. Gentrix alimshusha Bosi akiwa ndani ya kanga. Ilikuwa kanga nzuri, na shemeji yake aliitazama tu. Echodu alirudisha udongo kwa mguu, kisha wote wawili kwa mikono.

Ndipo Gentrix alipolia. Alilia kwa sauti, ameshika ukuta, mabega yanapanda na kushuka, na hakujali dirisha lolote. Upande wa barabarani foleni ilikuwa imefunguka ghafla, kama kawaida yake, baada ya siku tatu. Injini zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine na utingo wa malori wanapiga mabati wakiita madereva wao. Quinton alikuwa tayari na begi mkononi. Mwenzake mmoja alichungulia getini kumharakisha, akakuta mama analia na mwanamume amesimama na jembe.

"Boss, kuna nini hapa? Nani amekufa?"

Echodu alitazama udongo mpya, akamtazama shemeji yake. "Ni mtu wa nyumbani," alisema.

"Ni sungura," Gentrix alisema, akageuka. Machozi yalikuwa yamemfika shingoni na hakuyafuta. "Ni sungura wa marehemu mume wangu. Nimemuua mimi. Nilimlisha machicha ya ajono, siku ya kumkumbuka mwenyewe, na daktari akaniuliza asubuhi nikamdanganya mbele ya huyu bwana. Echodu, ulisema nilinyamaza ndugu yako alipokufa. Sikumlilia mbele yenu. Lakini huyu ndiye alikuwa amebaki, na nimemuua, na ukitaka kuwaambia dada zako, waambie."

Yule wa getini alirudi nyuma hatua moja, akatoweka. Echodu aliegemeza jembe ukutani. Alienda bombani akalijaza bakuli maji, akamletea shemeji yake anawe udongo mikononi.

Quinton aliweka begi chini. Alisogea, akaushika mkono wa Gentrix kwa mikono yake miwili, ukiwa bado na udongo. "Pole sana, mama," alisema. "Pole."

Lori lililokuwa nyuma ya lake lilikuwa linapiga honi, na la nyuma ya hilo, na mbele nafasi ilikuwa wazi hata wengine wakaanza kuchomekea kuichukua. Alizisikia honi, akajua ni zake. Aliendelea kuushika ule mkono mpaka mama akamaliza kulia.